Mkuki wa Brazzaville

Jioni moja ya mwezi wa Oktoba 2025 nilikuwa nimekaa barazani nangojea chai, mjukuu wangu akaja na daftari lake mkononi na uso umemvimba. Yuko darasa la sita. Shuleni kwao walikuwa wamepewa chemsha bongo ya michezo, kwa kuwa mwezi uliotangulia Alphonce Simbu alikuwa ameshinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo, Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano hayo, na nchi nzima ilikuwa bado inashangilia. Swali la nne liliuliza hivi: ni mwanariadha gani wa kwanza kuiletea Tanzania medali kutoka mashindano ya kimataifa? Mjukuu wangu akaandika Theresia Dismas. Mwalimu akapiga mkasi kwa wino mwekundu, na pembeni akaandika jibu lake: Filbert Bayi.

"Babu, wewe ndiye uliyeniambia," alisema. "Umenikosesha."

Msomaji wangu, nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na nimeona mikasi myekundu ya kila namna, mingine nimeipiga mwenyewe. Lakini mkasi huu ulininyima usingizi. Ndiyo sababu nimeamua kuuandikia, na nitaandika kwa ukali kidogo. Mwenye kuudhika aniwie radhi.

Kwanza niseme wazi kwamba sina ugomvi na Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaongoza tangu mlio wa bastola hadi utepe, akavunja rekodi ya dunia. Nani wa rika langu aliyesahau siku ile? Tulikuwa vijana, na kwa wiki nzima kila mtoto wa Tabora aliyetumwa dukani alikwenda mbio na kurudi mbio. Mwaka 1980 kule Moscow alipata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, naye Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Hadi baada ya michezo ya Paris ya 2024, hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki tulizonazo. Heshima yao ni yao, wala haipungui kwa kumtaja mtu mwingine.

Ila hesabu ni hesabu. Michezo ya kwanza ya Afrika nzima ilifanyika Brazzaville mwezi Julai 1965. Nchi yetu ilikuwa na miaka mitatu na nusu ya uhuru, na Muungano ulikuwa na miezi kumi na tano tu. Katika michezo hiyo Theresia Dismas alirusha mkuki akapata medali ya fedha. Ninavyohesabu mimi, na wanavyohesabu wazee wa riadha, hapo ndipo medali zetu zilipoanza. Toa 1965 katika 1974, inabaki tisa. Mtoto wa darasa la tatu anaiweza hesabu hiyo.

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mwalimu wetu alikuja darasani na gazeti limekunjwa kwapani, akatusomea kwamba dada yetu mmoja ameshika nafasi ya pili Afrika nzima kwa kurusha mkuki. Tulicheka. Naam, nakiri, tulicheka darasa zima. Kwetu Unyamwezi mkuki ni kitu cha mwanamume. Babu yangu alikuwa nao mmoja nyuma ya mlango, na bibi yangu alipofagia aliupitia pembeni, asiuguse. Sisi wavulana tukaona ni kichekesho cha mwaka. Mwalimu akangoja tunyamaze, kisha akauliza: "Katika ninyi mnaocheka, nani amewahi kushika nafasi ya pili hata katika wilaya hii?" Hapakuwa na mkono.

Baadaye, nilipokuwa mwalimu na kulazimika kufundisha riadha bila kuijua, ndipo nilipoelewa jambo alilolifanya. Mkuki wa wanawake una uzito wa gramu 600 tu, na mtu akiupima mkononi huudharau. Mwenye nguvu za mkono peke yake huurusha ukaanguka kwa tumbo, karibu, kama kijiti. Mrushaji hukimbia kwanza, hatua za mwisho huzikanyaga kwa ubavu, mkono umebaki nyuma kabisa, halafu mguu wa mbele hupigwa chini ghafla kama breki. Hapo nguvu ya mbio hupanda kwenye nyonga, ikaenda begani, ikafika kwenye kiwiko, na mwisho kabisa kwenye vidole. Kosea kimojawapo na mkuki unakataa. Hufanyi hivyo kwa bahati. Ni kazi ya maelfu ya marudio, na kurudia huko kulifanywa na msichana katika nchi iliyokuwa bado inabishana kama msichana apelekwe shule.

Sasa nisikilize hoja za wanaonipinga, maana nimezisikia zote, nyingine hapa hapa barazani.

Wako wanaosema medali ya Brazzaville ni ya Afrika tu, haifai kuwekwa kundi moja na rekodi ya dunia. Sawa. Basi swali lingeuliza nani wa kwanza kuvunja rekodi ya dunia, na mjukuu wangu angeandika Bayi akapata alama yake. Swali liliuliza medali ya kimataifa. Tangu lini Brazzaville ikawa mkoa wa Tanzania? Isitoshe hao hao wanaoidharau michezo ya Afrika, ukiwauliza habari za Bayi, watakutajia dhahabu yake ya Lagos mwaka 1973. Michezo ile ile! Dhahabu ya mwanamume inavuka mpaka, fedha ya mwanamke inakwama forodhani.

Wako wanaosema mkuki si mchezo wetu, sisi ni watu wa mbio. Hawa huwa nawakumbusha Julius Yego, Mkenya, aliyekuwa bingwa wa dunia kule Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72. Siku ile hata vijana wa bodaboda hapa Tabora walijua jina lake, na nilisikia mmoja akisema kwamba hatimaye mtu wa Afrika Mashariki amejitokeza na mkuki. Hatimaye! Miaka hamsini kamili baada ya Brazzaville.

Na wako wanaosema, kwa upole, kwamba mzee, yule mama hakuacha warithi, historia humkumbuka mwenye kufuatwa. Hoja hii ndiyo inayonichoma zaidi, kwa sababu ina ukweli nusu. Katika mbio tumepata wanawake. Nzaeli Kyomo na Mwinga Mwanjala walikuwa Moscow mwaka 1980, timu ile ile ya Bayi na Nyambui. Mwaka 2023 Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu katika marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Lakini katika mkuki, baada ya Theresia, ni kimya. Nauliza: warithi huota wenyewe kama magugu? Mtu wa kwanza akishatokea, wa pili anatengenezwa. Anatengenezwa na uwanja, na mikuki miwili mitatu katika stoo ya shule, na mwalimu anayejua hatua za ubavu. Hatukuwatengeneza. Kisha tunamlaumu wa kwanza kwa kubaki peke yake.

Nichepuke kidogo. Mjukuu wangu huyo huyo alinionyesha katika simu watu wa nchi za baridi wakishuka mlima wa theluji na mbao ndefu miguuni, wakifika ukingoni wanaruka hewani, wanalala juu ya upepo kama mwewe, wanatua chini mbali sana. Sisi wa Tabora baridi yetu ni ile ya Juni na Julai, wala sikuwahi kufikiri kwamba theluji itanihusu. Lakini nilisoma habari zake nikajikuta nyumbani. Mchezo huo uliingia katika Olimpiki mwaka 1924, kwa wanaume peke yao. Kumbe mwanamke wa Austria, Paula Lamberg, alikuwa amekwisha kuruka mita 22 mwaka 1911, tena akiwa na sketi ndefu. Mwaka 2005 mkuu wa shirikisho la mchezo huo, Gian Franco Kasper, alisema hadharani kwamba kwa upande wa kitabibu hauonekani kuwafaa wanawake. Mwaka 2009 wanawake wakaenda mahakamani Kanada, jaji akakiri kwamba kweli wanabaguliwa, kisha akasema hana mamlaka ya kuiamuru kamati ya kimataifa. Waliruhusiwa mwaka 2014 kule Sochi, na Mjerumani Carina Vogt akatwaa dhahabu ya kwanza. Tangu 1924 hadi 2014 ni miaka tisini ya kumngoja daktari aseme tumbo la mwanamke halitapasuka!

Na msidhani hayo ni ya Wazungu tu. Nami nimekaa katika vikao vya walimu ambamo iliambiwa kwamba kurusha mkuki kutamharibu msichana uzazi. Aliyesema hivyo alikuwa na mke aliyetwanga mahindi kila asubuhi na kubeba ndoo mbili kutoka kisimani, na mtoto mgongoni. Kinu hakiharibu uzazi, mkuki unaharibu. Hapakuwa na daktari kikaoni, ila sote tulitikisa vichwa kama madaktari.

Nikitembea jioni hupita chini ya miembe. Wageni huambiwa kwamba miembe hii mikubwa ya Tabora ilitokana na kokwa walizotupa wasafiri wa misafara, waliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na kurudi, kabla reli haijafika hapa mwaka 1912. Watu wetu, Wanyamwezi, walisifika pande zote kwa upagazi. Ukisikia hadithi hizo utadhani njia ile ilikanyagwa na miguu ya wanaume peke yake. Si kweli. Wanawake walikuwamo, wakibeba vyungu, vyakula, mikeka, watoto, na wengine mizigo kamili. Njiani huko huko, Morogoro, misafara ilikuta mji uliotawaliwa na mwanamke, Simbamwene binti wa Kisabengo, na wasafiri walilipa ushuru kama walivyolipa kwa mtawala yeyote. Unyamwezi yenyewe imekuwa na watemi wanawake.

Kila mtoto wa shule amesikia juu ya Susi na Chuma, waliobeba maiti ya Livingstone mwaka 1873, wakapita hapa Unyanyembe, wakaifikisha pwani. Ni haki yao. Mwaka uliofuata walialikwa hadi Uingereza. Lakini katika msafara ule alikuwamo pia Halima, mpishi wa Livingstone, aliyemhudumia kwa muda mrefu katika safari zake za mwisho, na ambaye naye alifuatana na maiti hadi Unguja. Mhariri wa shajara za Livingstone, Horace Waller, aliyemtaja katika kitabu cha mwaka 1874, alisikitika pale pale kwamba utumishi wake wote haukulipwa chochote. Nimewapeleka wanachuo Kwihara, kwenye nyumba aliyokaa Livingstone, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara nilisimama pale mbele nikasema Susi na Chuma, Susi na Chuma. Jina la Halima sikulitaja hata mara moja. Nilikuwa nimelisoma. Sikuona kama ni la kufundishwa.

Hapo ndipo mkasi mwekundu wa mwalimu wa mjukuu wangu unaponirudia mimi mwenyewe, na sina budi kusimulia jambo ambalo ningependa kulificha.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa naongoza chuo cha ualimu. Jina lake si muhimu. Palikuwa na mwanachuo mmoja, binti wa kutoka upande wa Sikonge, aliyerusha mkuki. Hatukuwa na mkuki wa kununuliwa. Fundi wa karakana alimchongea mti mnyoofu, akauvika ncha ya chuma iliyotokana na kipande cha bomba. Jioni, wenzake wakienda kuoga, yeye alikuwa uwanjani, na kwa kuwa hapakuwa na mwalimu wa kumfundisha, alijifundisha kwa kutazama unakoangukia. Mara ya kwanza nilipomwona akirusha nilisimama na faili zangu mkononi hadi alipomaliza. Ule mti ulipita juu ya goli la mpira la upande wa pili.

Wakafika wakati wa mashindano ya vyuo katika kanda. Mafuta yalikuwa ya shida, miaka ile mnaikumbuka, na tulipata lori moja tu. Orodha ya wachezaji ililetwa mezani kwangu ikiwa ndefu kuliko lori. Timu ya mpira ya wavulana ilikuwa na wachezaji kumi na wanane. Ningeweza kupunguza akiba wawili. Sikuwapunguza. Nilichukua kalamu nikakata jina la yule binti pamoja na wasichana wenzake watatu, nikaandika pembeni: mwakani. Nilimwita ofisini nikamweleza habari ya lori. Akasema, "Sawa, Mkuu." Hakulia wala hakubisha. Mwaka uliofuata alikuwa amekwisha kuhitimu. Timu yetu ya mpira, kwa taarifa yenu, ilifungwa mechi zote mbili.

Sisemi kwamba angekwenda Olimpiki. Pengine angerusha mara tatu akarudi bila kitu. Lakini hilo alipaswa kuambiwa na utepe wa kupimia, si na kalamu yangu. Na nilikuwa namjua Theresia Dismas! Tangu utoto nilikuwa najua kwamba mwanamke wa nchi hii anaweza kusimama wa pili katika bara zima kwa mkuki. Kujua huko hakukunifaa kitu, kwa sababu nilikuwa nimelihifadhi kama kituko, tulichokicheka darasani. Ndiyo maana siwezi kukubali nikiambiwa kwamba swali la nne ni alama moja tu. Mkuu wa chuo mwingine mahali fulani ana orodha mezani sasa hivi, na atakata jina kufuatana na alivyofundishwa kuhesabu akiwa darasa la sita.

Nilikwenda shuleni kwa mjukuu wangu. Mwalimu ni kijana mwenye adabu, aliniamkia, akanipa kiti chake. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, sikukatalii. Ila jibu nimelikuta limeandikwa hivyo kwenye karatasi niliyoletewa. Nikiwafundisha tofauti, wakikutana nalo mbele watakosa."

"Na sasa hivi aliyepata ni nani?" nikamuuliza. "Aliyeandika ukweli amekosa."

Akakuna kichwa. Mwisho akachukua daftari, akachora mstari mmoja juu ya ule mkasi, akaandika alama pembeni, akatia sahihi. Akaniuliza kama ningekubali kuja kuwaeleza watoto habari ya Brazzaville. Nikasema nitakuja, ila sitaki kuja na maneno matupu, nitakuja na mkuki. Alicheka akidhani ni utani wa wazee.

Yule binti wa Sikonge naye sasa amestaafu ualimu, ana wajukuu, na huwa tunaonana sokoni. Nilimfuata kwake, na kwa mara ya kwanza katika miaka zaidi ya arobaini nikamwomba radhi kwa habari ya lori. Alinitazama kwa muda.

"Mkuu, nilidhani umesahau," akasema.

Nikamuuliza kama mkuki ule uliishia wapi. Akaniambia upo, uko nyuma ya nyumba, wanaangulia maembe. Nikamwomba aniazime niupeleke shuleni, na kama anaweza, aje aurushe yeye mwenyewe mbele ya watoto. Akasema kurusha atajaribu, bega la kulia linamsumbua. Ila mkuki hawezi kuutoa mwezi huu, kwa sababu maembe ndiyo kwanza yanaanza kuiva. Tumekubaliana Februari.